Nilikabidhiwa Benzi ya harusi niilaze winter nzima hapa Joburg, na sijui kuendesha

Wakuu, salamu kutoka kusini kabisa, huku ambako mwezi wa sita mtu analala na koti, kofia na soksi.

Haya yalinikuta mwenyewe mwaka 2017. Sijatia chumvi. Shahidi wangu yupo, ana spana mkononi, na nikidanganya atakuja kunisuta humu humu.

Mimi ni Mtanzania, naandika riwaya. Wakati huo nilipanga chumba cha uani Rosettenville, mtaa wenye Wareno wazee, Wakongo na sisi wengine tuliotoka huko juu. Mkubwa wetu pale uani alikuwa Papa Didier, fundi cherehani kutoka Bukavu, mgane mwenye binti mmoja, Wivine.

Papa Didier alikuwa na Benzi nyeupe ya zamani.

Haikuwa ya biashara. Ilikuwa gari la harusi la Wakongo wote wa upande wetu. Unaoa, unakwenda kumwomba, anaifunga utepe wa satini iliyobaki kwenye kazi zake, kisha anaendesha mwenyewe, polepole, kama amebeba mayai. Wivine alikulia kiti cha mbele cha gari lile, akiwatazama mabibi harusi wa watu kwenye kioo. Miaka yote alikuwa na ombi moja tu kwa baba yake: siku yake ikifika, na yeye akae kiti cha nyuma.

Siku ikapangwa. Jumamosi ya kwanza ya Septemba.

Lakini mwanzoni mwa Juni Papa Didier ilibidi aende Bukavu miezi mitatu, kuezeka upya nyumba ya mama yake na kumwombea Wivine baraka za bibi. Siku mbili kabla ya safari akagonga mlango wangu.

"Mwandishi, weye unajua kuendesha gari?"

"Hapana, Papa."

"Njo maana nakupatia ufunguo. Nikiachia mwenye kujua, nitarudi nikute gari iko Durban."

Mama Neema wa saluni, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, akadakia kutoka kwake: "Na huyu kazi yake si ni kukaa? Basi akae na gari, wakae wote wawili!"

Uani kote kicheko.

Najua nyie wa Dar na Mombasa mnajiuliza gari linalazwaje, lina homa? Wakuu, njooni Joburg mwezi wa saba. Asubuhi unafungua mlango, nyasi ni nyeupe kama zimemwagiwa unga. Hewa kavu inapasua midomo. Betri inaishiwa nguvu kimya kimya, na tairi likisimama sehemu moja miezi mitatu linapata ubapa kama kisigino cha kandambili.

Kwa hiyo akaitwa Dada Spès.

Spès ni Mrundi, ana gereji ndogo Doornfontein. Mikono yake ina oili mpaka kwenye viwiko, lakini kucha zake siku zote nyekundu. Alifika na sanduku la spana, akaizunguka Benzi mara moja, halafu akaanza kazi na mimi nikiwa mshika taa.

Tuliiosha kwanza, mpaka chini ya matairi, kwa sababu uchafu ukikaa unakula rangi. Tukabadilisha oili. Tukajaza tangi la mafuta mpaka juu ili unyevu usipate pa kukaa.

Kwenye rejeta nikajitia mjuzi. Nikachota maji ya bomba kwenye ndoo.

"Kaka, unataka kuua injini ya mzee?" Spès akanishika mkono. "Haya maji yataganda humu ndani, na barafu inapasua chuma. Leta coolant, ile dawa isiyoganda, iko kwenye sanduku."

Nikarudisha ndoo, Mama Neema akipiga makofi.

Gari likapandishwa juu ya stendi za chuma, matairi yakaning'inia. Betri tukaitoa, ikahamia kwenye ubao chumbani kwangu. Kila mwezi nilitakiwa kuitoa barazani na kuichaji.

Na Papa Didier? Alikuwa na futi yake ya kitambaa shingoni. Aliipima Benzi yake mabega, kiuno na urefu, akiandika kwenye kijitabu kile kile cha magauni. Kesho yake cover ilikuwa tayari, ya pamba tupu yenye mshono mara mbili. Nikamuuliza kwa nini si nailoni.

"Nailoni inafunga pumzi," akasema. "Hata mutu ukimuvalisha nailoni, anaoza."

Likabaki bomba la moshi.

"Panya wa Joburg hawana nyumba," Spès akasema. "Wakiona shimo, wanahamia na watoto." Akatafuta kitambaa kwenye sanduku, hakukuwa na kitu. Macho yake yakashuka mpaka miguuni kwangu. Nilikuwa nimevaa soksi nyekundu za sufu. Nikavua ya kushoto bila kuambiwa. Akaishindilia ndani kwa mpini wa nyundo, ikazama haionekani.

"Sasa sikiliza, kaka. Andika karatasi, ubandike kwenye usukani. Neno moja tu, kubwa: SOKSI. Nimeshaona magari mazima yakigoma kwa sababu ya kitambaa kilichosahauliwa."

Wakuu, mwambie mwandishi wa riwaya aandike neno moja uone.

Jioni ile niliandika kurasa mbili. Zilianza hivi: "Lala, ewe mweupe, uliyebeba machozi ya furaha ya nyumba nyingi." Nikaisifu rangi yake. Nikausifu ukungu wa asubuhi. Nikazibandika kwenye usukani na kusimama kuzitazama kama mtu aliyejenga msikiti.

Winter ikapita vizuri kuliko nilivyotarajia. Mwanzoni kila Jumapili, watu wakirudi kanisani, walinizonga: "Mwandishi, iwashe kidogo tuisikie!" Nikampigia Spès. Akasema kuwasha dakika mbili ni kuliamsha gari bila kulinywesha chai, bora liachwe lilale. Basi tukawasha mbaula ya makaa pembeni yake, tukakaa tukisimuliana harusi zake. Nani alilia, nani alisahau pete, bwana harusi yupi alishuka njiani kununua magwinya, maandazi ya huku, kwa sababu njaa ilimzidi. Wivine alikuwa akisikiliza huku amelaza kiganja juu ya ile cover, kama mtu anayemgusa ng'ombe wake.

Papa Didier akarudi Ijumaa mchana, siku moja kabla ya harusi. Tukateremsha gari, tukarudisha betri, tukapima upepo wa matairi. Nikasema tuiwashe.

"Hapana. Gari ya harusi haiwashwi mbele ya siku yake. Bibi harusi njo wa kwanza kuisikia."

Ndio mwiko wake, na hajawahi kuuvunja. Akaona karatasi zangu kwenye usukani, akazikunja vizuri na kuzitia mfukoni. "Ni ndefu. Nitasoma kisha harusi, na miwani."

Nami, wakuu, naapa, sikushtuka. Sentensi ya ukungu niliikumbuka neno kwa neno. Soksi ilikuwa imenitoka kichwani kabisa.

Jumamosi asubuhi mti wa pichi uani ulikuwa umechanua wote, maua ya waridi. Wivine akatoka mlangoni na gauni lililoshonwa na baba yake. Papa Didier akafuta macho, akaingia, akageuza ufunguo.

Ng'ang'ang'ang'a. Kimya.

Ng'ang'ang'ang'a. Kimya.

Mara ya tano jasho likaanza kumtoka, kwenye ubaridi ule. Simu zikaanza kulia kutoka kanisani. Mtu akasema tuite taksi.

"Siendi na taksi," Wivine akasema. Hakupandisha sauti. "Papa, nitakungojea."

Sijawahi kumwona mzee akitazama usukani vile. Nilitamani ardhi inimeze, na hata sikujua kosa langu ni lipi.

Ndipo Spès akafika, mwalikwa, gauni la kijani, nywele zimetoka kusukwa asubuhi ile. Akasikiliza mara moja tu.

"Karatasi iko wapi?"

Papa Didier akazitoa mfukoni. Spès akazikunjua na kusoma mbele za watu wote: "'Lala, ewe mweupe...' Kaka, hii ni nini?" Akaendelea kusoma. Akageuza ukurasa. Akageuza tena, nyuma kulikuwa kweupe. "Soksi umeiandika wapi?"

Nikamwonyesha mstari wa mwisho kabisa wa ukurasa wa pili: "Na nyuma yako nimekuachia joto la mguu wangu wa kushoto."

Alinitazama, wakuu.

Akadai kiango cha waya kilichokuwa kimebeba gauni la Wivine, akakinyoosha, akapandisha lake la kijani magotini na kuchuchumaa. Akavuta, akazungusha, akavuta. Ikatoka, nyekundu, imejaa vumbi.

"Washa, Papa!"

Ufunguo mara moja. Benzi ikanguruma kama haijawahi kulala, na maua ya pichi yakadondoka juu ya boneti. Vigelegele! Mama Neema alicheka mpaka akakaa chini na nguo zake za harusi. Wivine akaingia kiti cha nyuma, akajirekebisha, akamtazama baba yake kwenye kioo. Papa Didier hakuondoa gari mara moja. Alimtazama naye kwanza.

Kabla hawajatoka, Wivine akateremsha dirisha. "Na ile soksi ifungwe kwenye antena. Imelinda gari yetu winter yote."

Ikaenda kanisani hivyo, satini nyeupe mbele, soksi yangu ikipepea.

Somo? Baada ya ile harusi nilifungua riwaya yangu iliyokuwa imekwama. Jambo lenyewe, lile lililonifanya nianze kuiandika, lilikuwa ukurasa wa themanini, nyuma ya ukungu mwingi. Nikalileta ukurasa wa kwanza. Kitabu kikawaka.

Juu ya meza yangu mpaka leo kuna karatasi aliyoniandikia Spès kwa kalamu nene. Ina neno moja.

Haya wakuu, mlioko nchi za baridi, magari yenu mnayalazaje, na mlisahau nini ndani? Tiririkeni. Ila nawaomba, anzeni na soksi.