Bomba Nililochagua kwa Kung'aa

Mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Bungoma aliniwekea mabomba mawili ya bafu juu ya kaunta, yote ya kuchanganya maji moto na baridi. Moja lilikuwa nene, limefifia, halivutii. "Hii inashika joto, bana," akasema. "Hata mtu akifungua maji kwingine, wewe hauungui." La pili liling'aa hadi nikayaona meno yangu. Nikachukua hilo. Nilikuwa nimemaliza nyumba Kitale na nilitaka wakwe waione. Sina sababu nyingine, na nimeitafuta sana.

Mgeni wa kwanza kulitumia alikuwa mama mkwe, kutoka Bumula. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho upande mmoja hapo Kitale, na jicho la pili lilikuwa la mwezi uliofuata. Kwetu Wabukusu mama mkwe na mkwe hawapeani hata mkono, sembuse kulala chini ya paa moja. Mke wangu alimbembeleza siku mbili ndipo akakubali, tena kwa sharti: akioga, mimi nisiwe ndani.

Kwa hivyo asubuhi alipoingia bafuni nilitoka mbio, mkwe mwenye adabu zake. Nikasimama uani bila kazi. Nikaona gambuti zangu zina matope, nikafungua bomba la nje, nikaanza kuziosha huku napiga mluzi.

Maji baridi yote yakanijia mimi. Kule ndani yakabaki ya tangi la maji moto peke yake.

Hakupiga kelele. Mama mzima aliungua mgongo akauma meno, kwa sababu akilia mkwe atamsikia naye yuko uchi. Nilisikia kopo likianguka, nami bila kujua nikaongeza maji. Jioni mke wangu aliyaona malengelenge. Alikuja akaniangalia kwanza.

"Si ulisema hiyo ndiyo ya kisasa?"

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Kesho yake mama akarudi kwake.

Nilirudi duka lile lile, nikanunua lile bomba lisilovutia, nikalifunga bafuni siku hiyo hiyo. Nikasimama chini yake, mke wangu akifungua kila bomba la nyumba, na joto halikubadilika hata kidogo. Wiki moja kabla ya siku ya jicho la pili tukaenda Bumula. Nilisimama uani, yeye ndani nyuma ya pazia, mke wangu mlangoni akipeleka maneno. Niliomba msamaha kwa sauti, majirani wakisikia. Kisha nikaeleza bomba jipya, na katikati ya maelezo nikajikuta nalisifu kama lile la kwanza.

"Mwambie hana makosa," mama akasema.

"Sasa mama, si daktari anakungoja?" mke wangu akauliza. "Utakuja?"

Jibu likatoka nyuma ya pazia.

"Mwambie jicho moja inanitosha."