Jino la Kusemea Ufufuko

Katikati ya Kwaresma ufizi wangu wa juu ulivimba mpaka mdomo ukainuka upande mmoja. Jino lenyewe nililijua. Lilikuwa lile la mbele, lililogongwa na usukani wa baiskeli nilipokuwa bado nafanya kazi kwenye reli. Maumivu yalipotulia nilimshukuru Mungu. Baadaye likageuka rangi ya chai, nikamshukuru vilevile, kwa kuwa lilikuwa bado mahali pake.

Hapa Kalemie mimi ni msomaji wa kanisani tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na Pasaka ile zamu ilikuwa yangu. Mke wangu aliniona nimejifunika mdomo kwa kitambaa.

"Papa, hiyo wataing'oa tu. Utatutangazia uhuhuko."

"Uhuhuko?"

"Njo vile! Bila jino ya mbele, utatoa f wapi? Imani utasema muzuri, haina f. Lakini uhalme, uhuhuko... Mungu atakusikia. Watu wa kwaya, sijui."

Tulicheka, lakini siku ile sikula.

Daktari wa meno alikuwa mama kijana mwenye mikono myepesi. Alipiga picha ya jino, akaitazama, akasema hataling'oa. Atasafisha mzizi ndani na kuuziba. Nilikuwa nimesikia watu wakisema kwamba kazi hiyo ni kuua jino, nikamwambia ninavyoogopa kubaki na maiti mdomoni.

"Papa, jino yako ilishakufa zamani, tangu siku ya baiskeli."

"Kumbe! Na hii inayouma?"

"Ni uchafu wenye kuoza ndani ya muzizi. Ukitoka, ufizi utapona. Hii miaka yote, umesoma na jino yenye ilikufa."

Nililigusa jino kwa ulimi, kisha nikafungua mdomo.

Alinichoma sindano ya ganzi, akatoboa tundu dogo nyuma ya jino, akaingiza tupa nyembamba kama sindano ya kushonea. Alikuwa akiisukuma taratibu, anaitoa, anaifuta, anachukua nyingine. Katikati aliosha kwa dawa yenye harufu ya javeli, ile ya kung'arishia nguo, nikamkumbuka mke wangu akifua mashuka siku ya Jumamosi. Nami mdomo wazi, nilisali rozari kwa vidole, kumi baada ya kumi. Mwishoni aliweka dawa ndani, akafunika tundu kwa muda, akaniambia nirudi baada ya juma moja.

Niliporudi uvimbe ulikuwa umekwisha. Aliosha tena, akaujaza mzizi kwa kitu laini cha rangi ya waridi, kama mpira, hadi kwenye ncha, ili uchafu usipate tena pa kukaa. Akaziba juu. Alinionya nisivunje karanga wala mfupa kwa jino hilo, maana jino la namna hiyo huwa dhaifu.

"Sasa sema kitu, Papa."

"Ufufuko."

"F yako iko."

Siku ya Pasaka nilisimama mbele ya watu. Nilipolikaribia neno lile nilipunguza mwendo, meno ya juu yakagusa mdomo wa chini, pumzi ikapita palipostahili. Hakuna aliyejua nimevuka nini. Nilipokuwa nikirudi kwenye benchi, mke wangu aliinamisha kichwa kama anayesali, akaninong'oneza:

"Uhuhuko, Papa."

Nikajibana nisicheke mbele ya altare.