Waya Usiokwenda Popote

Kiwandani walimwita Hadubini, kwa kuwa jicho lake halikubanduka kwenye lenzi. Alichora chipu za oda, zile zinazobuniwa kwa mteja mmoja na kazi moja tu. Kwa miaka miwili alichora chipu ya kifaa cha kusaidia kusikia, akiijaribu kwa mama yake, ambaye masikio yalikuwa yamemtupa mkono. Mama akisema, "Mwanangu, leo sauti inakwaruza," binti anafuta mchoro, anaanza upya.

Oda ikawaponyoka. Mteja aliwapa washindani wao wa ng'ambo ya barabara, waliojigamba kumaliza kwa nusu ya muda. Hadubini akameza uchungu. Ushindani ndivyo ulivyo.

Kifaa kilipofika madukani, alikinunua, akakifungua, akaitazama chipu. Pembeni aliona waya mwembamba, umepinda mara mbili, hauendi popote. Ni yeye aliyeusahau pale, kwenye mchoro wake wa kwanza kabisa.

Akapanda kwa mkurugenzi na koti la maabara mwilini.

"Bosi, mchoro wangu umewafikiaje wale?"

"Mteja aliomba kuuona kabla ya kuamua. Ningemnyima, angekwenda kwingine."

"Kwani hakwenda?"

Mkurugenzi akahangaika na kalamu yake. "Dada yangu, yaliyopita si ndwele."

"Ndwele ni hii hapa. Wameiba ule mchoro wa kwanza, unaokwaruza. Watu wanatembea na kosa langu masikioni, na wewe ndiye uliyewapelekea."

Hadubini alimtaka awaandikie washindani barua ya malalamiko. Mkurugenzi akagoma, akihofia kuonekana msumbufu mbele ya wateja wengine. Basi Hadubini akaandika mwenyewe, akaeleza kasoro na dawa yake, akazipelekea kliniki zote za masikio mjini. Wiki ile ile akafukuzwa kazi.

Kliniki zilipoanza kurudisha vifaa, meneja wa washindani alimpigia simu kwa sauti ya asali. Walikuwa na nafasi kwa ajili yake, aje awarekebishie.

"Mmeniibia nguo," akamwambia, "sasa mnataka niwashonee na vifungo? Dawa nimeshaiandika. Someni."

Akakata simu. Siku hizi anatengeneza vifaa hivyo katika kliniki moja ndogo, dirisha linatazama ukuta. Wagonjwa wanampenda. Wenzake wakimwambia asamehe, anawauliza nani amemwomba msamaha. Mpaka leo hasira hajaitua.