Nyuso za Redio za Upepo Nilizotoboa Upareni

Siku yangu ya kwanza kazini sikukabidhiwa hata bisibisi. Nilifika karakana ya redio ya upepo mjini Same na cheti cha ufundi mkononi na gauni la kanisani mwilini, upepo wa Same ukiwa umeshanijaza vumbi hadi kwenye kope. Karakana yetu ilihudumia redio za zahanati za milimani, ambazo wauguzi walizitumia kuita gari la wagonjwa kutoka hospitali. Simu kule juu ilikuwa ndoto.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia Fundi Mkuu, mzee mrefu mwenye koti lililojaa vitobo vya moto wa kuchomelea.

"Marahaba." Cheti hakukitazama. Akanisukumia bamba la alumini, tupu kabisa. "Hili ni uso wa redio. Utalitoboa wapi na wapi?"

Nikamtajia yote niliyofundishwa chuoni: swichi ya kuwashia, nobu ya sauti, nobu ya masafa, ya kuchujia kelele, ya nguvu ya kurushia, ya hiki na ya kile. Nobu ni kile kidude cha kuzungusha kwa vidole, na mimi nilivitaka vyote vionekane, maana kila kimoja nilikuwa nimekipatia alama nzuri kwenye mtihani! Mzee alicheka mpaka akavua miwani.

"Nani atavishika?"

"Mtumiaji."

"Huyo mtumiaji hana jina? Panda mlimani ukakae na nesi. Ukishamwona anavyofanya kazi, rudi unitobolee."

Basi nikapanda, kwa miguu mwendo mrefu, hadi zahanati moja juu ya Gonja, na huko nikamkuta Nesi Naelijwa. Alinilisha makande na kunifanya mbeba maji. Nilimwona akiita hospitali huku mkono mmoja umemshika mtoto anayeweweseka kwa homa, kipaza sauti amekibana kati ya bega na kidevu, na swichi akiiwasha kwa kidole cha mwisho kwa sababu vingine vimelowa dawa. Nikarudi Same nimenywea. Nilitoboa kwa ajili ya swichi, sauti na waya wa kipaza sauti, tena matundu yaliyoachana, na nobu ya sauti nikaitafutia iliyo kubwa kama kizibo cha chupa ya chai.

Hapo ndipo nilipoelewa sheria ya karakana. Kulikuwa na vya mbele na vya ndani. Vya mbele ni vile unavyomkabidhi mtu, na ukishamkabidhi hutakiwi kumhamishia. Vya ndani ni vyako fundi, vivuruge upendavyo, mradi mtu wa mbele asijue. Fundi Mkuu alikuwa akisema, "Tundu ukishalitoboa, mkono wa mtu unalizoea. Ukija kuliziba umemnyang'anya." Mjukuu wa dada yangu, anayetengeneza programu za simu, juzi alinieleza kuwa hata wao kila kitu wanachokiunda kina sehemu ambazo wenzao wanaruhusiwa kuzigusa na sehemu zilizofungwa. Nilipiga kelele mpaka akadhani nimeungua na chai!

Sheria hiyo ndiyo iliyotuvusha wakati wa dhiki. Vijana hamjui dhiki. Sabuni kwa foleni, sukari kwa foleni, na vipuri hata foleni haikuwepo. Kifaa kikiungua tuling'oa kingine kutoka kwenye kinasa sauti kilichokufa, au kwenye redio ya lori lililotupwa shamba la mkonge. Waya wa transfoma tuliufumua na kuusuka upya kwa mkono. Ukiifungua redio ya zahanati ya Bombo na ya Bendera usingeamini ni ndugu, ndani kachumbari tupu, kila moja na yake. Lakini usoni zilikuwa mapacha. Nesi akihamishwa kutoka bondeni kwenda mlimani aliweka mzigo chini, akawasha, akaongea. Nilikuwa naona raha isiyosemeka!

Kisha ikaja enzi ya ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa, mitumba ikajaa, na Fundi Mkuu akastaafu. Akaja Meneja wa Mradi, kijana msomi, mwepesi wa hasira na mwepesi wa kucheka. Alikuja na redio mpya kutoka nje, ndogo kama kopo la biskuti, usoni zimejaa vitufe. Akaagiza zipelekwe zilivyo. Muda si mrefu zahanati zikaanza kunyamaza, moja baada ya nyingine. Kwenye moja mlinzi alikuwa akitafuta matangazo ya mpira, akabonyeza weee, akafuta njia zote za mawasiliano!

"Mama, zifunge zote," Meneja akaniambia, amejishika kichwa. "Zirudishie nyuso zako za zamani. Wasione kitufe hata kimoja."

Nilifurahi kama nimeshinda uchaguzi. Nikazitia redio mpya ndani ya masanduku ya zamani, nyuma ya nyuso zile zile. Ila palikuwa na jambo jipya. Wenye malori nao walikuwa wamefunga redio zao, na mchana kutwa waliivamia njia yetu ya kwanza wakibishana bei za vitunguu na tangawizi. Naelijwa akaniletea ujumbe: "Dada Fundi, siku moja mama mjamzito atanifia hapa huku nasikiliza bei ya gunia."

Redio mpya zilikuwa na njia ya pili, isiyo na mtu kabisa, ila imefungiwa ndani ya sanduku. Nikamwomba Meneja niweke swichi ya njia ya pili mbele. Akakataa, na sababu yake haikuwa ya kijinga. Hospitali ilisikiliza njia zote mbili, lakini redio ya gari la wagonjwa ilikuwa na ya kwanza tu. "Mtu akiisahau swichi kwenye ya pili, dereva ataita mpaka koo likauke."

Mimi nikamtobolea Naelijwa kimyakimya. Meneja alipojua alifoka, akachukua bamba jipya lisilo na tundu hilo, akaniambia tupande wote tukalibadilishe.

Tulifika mvua imenyesha wiki nzima, udongo umeporomoka na kukata barabara chini ya zahanati. Hata bisibisi sijaitoa, wanaume wakaingia na machela. Juu yake alikuwa mama mjamzito, anatoka damu, midomo imeshapauka. Naelijwa akanawa mikono, akamtazama, akatutazama sisi.

"Huyu ni wa kupasuliwa. Iteni gari."

Meneja akakamata kipaza sauti. "Hospitali, hospitali, ova!" Akajibiwa na mtu anayeuliza kama vitunguu ni vya Same au vya kwingine. "Tokeni njiani, tuna mgonjwa!" Wakamjibu atoke yeye. Alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, bamba lake jipya bado kalibana kwapani. Naelijwa akamsogelea. Alipitisha mkono begani kwa Meneja, akaisukuma ile swichi kwa kidole cha mwisho.

"Ongea sasa."

Hospitali ikajibu papo hapo! Gari linatoka, dereva atakapofika kwenye maporomoko ataita, ndipo mgonjwa ateremshwe. Asiteremshwe mapema akakaa mvuani. Tukangoja. Mama yule akawa anapumua kwa shida, mumewe amemshika mguu kama anayezuia asiondoke. Redio kimya. Tukaendelea kungoja, mimi nikianza kuomba kwa sauti. Ghafla Meneja akaruka kutoka kwenye benchi.

"Swichi! Iko kwenye ya pili!"

Akairudisha, na sauti ya dereva ikatulipukia masikioni: yuko chini hapo, ameita hadi amechoka, mko wapi jamani? Kwa kuwa alikuwa karibu, sauti yake iliwafunika watu wa vitunguu wote. Wanaume wakanyanyua machela wakashuka mbio kwenye matope, Naelijwa pembeni yao. Mama yule alifikishwa hospitali kwa wakati, akapasuliwa. Akapona, na mtoto wake wa kike akapona.

Mimi na Meneja tulibaki tunatazama ile swichi, kila mmoja akijua mwenzake alikuwa na haki. Tukaanza kuongea kwa pamoja, tunakatizana kama watoto! Kwa nini isirudi yenyewe? Tukafungua kalamu yake ya wino, tukatoa springi, tukaifunga nyuma ya swichi. Ukiibonyeza na kuishikilia uko njia ya pili. Ukiiachia inarudi ya kwanza bila kukumbushwa. Hakuna siku niliyowahi kufurahia kazi kuliko ile. Wiki iliyofuata Meneja alinikabidhi drili kwa mkono wake, akasema nitoboe nyuso zote.

Nimestaafu sasa, na vijana huniuliza ufundi ni nini. Nawaambia kuunganisha nyaya mtajifunza tu. Kazi ngumu ni kuamua utamkabidhi mwenzako nini, na nini utabaki nacho wewe umbebee. Ukimpa kingi unamlemea, ukimnyima unaweza kumuua.

Siku ya kuniaga, Naelijwa aliteremka kutoka mlimani, kichwa chote kimeshakuwa cheupe. Akaomba kusema.

"Mimi namshukuru fundi wetu kwa ile swichi," akaanza. "Ila nina lalamiko, na leo nalitoa mbele ya viongozi. Wenzetu wa Bendera tunasikia wameletewa redio mpya. Sisi tangu enzi za foleni ya sabuni tuna redio ile ile. Hata siku moja hajatubadilishia!"

Ukumbi ukacheka. Meneja akanigeukia, macho yamemtoka, kwa sababu yeye alijua. Redio ya Naelijwa nilikuwa nimeibadilisha ndani tena na tena, ya mwisho mwaka uliotangulia tu, na cha zamani kilichobaki kilikuwa ni lile bamba la alumini. Sikumweleza. Nilikwenda mbele nikamkumbatia, nikalia kwa furaha kama mtoto, naye akaninong'oneza, "Basi usilie, Dada. Hiyo hiyo inatutosha."