Siku niliona damu yangu ikikwama kwa kioo, Machakos

Wakuu, heshima zenu. Hii sikuambiwa na mtu, ilinipata mwenyewe hapa Machakos, mwanzo wa 2000s. Asiyeamini apite tu polepole.

Msichana wangu Mwende alikuwa class two. Macho manjano, damu inapungua kila mara, bandama imevimba mpaka sketi ya shule haifungi.

Sisi watu wa Kivaa, karibu na dam, mbu kibao. Kila homa kwetu ni malaria. Dawa alimeza mpaka akachoka. Mamangu, Susu wake, akamchanja chale juu ya bandama, vile alinichanja mimi nikiwa mdogo.

Wapi! Ikabidi hospitali.

Daktari akasema bandama itolewe, la sivyo damu ikipungua tena tutampoteza. Susu akawaka: "Mungu hakuweka kitu ya bure tumboni. Hamkati huyu mtoto!"

Na mimi nikaogopa kukubali.

Daktari, mama mmoja mpole, hakubishana. Akanipeleka lab. Kulikuwa na machine ya research: kioo kiko na vijia vyembamba kuliko chembe ya damu, darubini juu yake, picha inatokea kwa TV. Akajidunga kidole, akaweka tone lake mwenyewe.

Wueh! Chembe zinafika kwa mlango, zinajikunja kama chapati, zinapita, halafu zinajikunjua upande ule mwingine. Yaani hii kazi inafanyika ndani yangu nikikunywa chai?

Akaweka ya Mwende. Nyingi zilikuwa mviringo kama mpira, ngumu. Zinafika, zinakwama.

"Bandama pia iko na vijia kama hivi," akasema. "Inazikamata, inaziharibu. Vipimo vingine vimesema hivyo hivyo."

Halafu akaniuliza kama kuna mwingine nyumbani aliyewahi kuchanjwa hapo. Nikainua shati.

Akanidunga. Zangu zingine zikapita, zingine zikakwama hapo hapo nikiziangalia. Kumbe huu ugonjwa ni wa kuzaliwa nao: ni mimi nilimpa mtoto, na mimi nilipewa, ni vile tu wangu hauna makali. Aki nililia kwa lab ya watu.

Nikakubali. Susu hakuniongelesha mpaka operation ikaisha.

Tulipompeleka Mwende nyumbani, Susu alimshika kidevu, akamgeuza kwa jua, akamwangalia muda mrefu. "Mwana wakwa, kumbe uko na macho meupe," akasema.

Wakuu, si kila manjano ni malaria, itisheni vipimo. Kama kwenu kuna mtoto wa hivyo, andika hapa chini, nitakusoma.