Jina la Mzee Ndahani

Evodia hakuwahi kumchapa mwanawe wa kwanza, hata siku alipoachia mbuzi wakamaliza mtama wa mchungaji wa kanisa. Angemchapaje? Mtoto yule alizaliwa muda mfupi baada ya kufa kwa mzee Ndahani, baba yake Evodia, akapewa jina lake. Na katika ukoo wao, anayepewa jina la marehemu hupewa na heshima yake. Kwa hiyo mama alimwita "baba" tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Mvua zikichelewa, ni yeye aliyepelekwa Kongwa kufagia kaburi la babu, maana kwao mwenye jina ndiye mwenye kaburi.

Walikaa Miyuji. Mumewe, Seth, alikuwa fundi wa magari katika shirika moja la umma. Yakaja mageuzi, shirika likapata mwekezaji, na mwekezaji akataka karakana bila watu wake. Seth akarudi nyumbani na boksi la spana, akakaa barazani. Evodia akaanza kuuza mlenda mkavu sokoni Majengo, na tangu hapo akawa mtu wa kutega sikio. Lori likisimama nje, anashtuka. Mlango ukigongwa, anauliza ni nani kabla hajaugusa. Alikuwa ameshaona kwamba mambo makubwa huamuliwa mahali ambapo mwenyewe hayupo.

Ndahani akarefuka mpaka akawa anainama kwenye kila mlango. Sekondari ya Kongwa alimkuta mwalimu wa hesabu kutoka Japani, kijana wa kujitolea aitwaye Hayashida, aliyesimika magogo mawili uwanjani na kuyafunga pete za mapipa mabovu, akawafundisha mpira wa kikapu. Mwalimu huyo ndiye aliyemtafutia Ndahani nafasi ya chuo kwao. Alipokuja Miyuji kuomba ruhusa, Evodia aliuliza swali moja tu.

"Na mvua zikichelewa?"

Mwalimu hakuelewa. Ndahani akacheka. "Nitarudi kufagia, mama."

Hakurudi. Alimaliza chuo, akaajiriwa na kiwanda cha pampu kwenye mji mmoja wa theluji. Kiwanda kilikuwa na timu yake. Asubuhi alifunga maboksi, jioni alicheza. Halafu siku moja akapiga simu dukani kwa Mama Shamimu, jirani yao Mrangi kutoka Kondoa, ambaye simu yake ilikuwa simu ya mtaa mzima.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, baba. Unaumwa?"

"Siumwi. Timu imekufa. Kiwanda kimesema hakiwezi kuilisha tena."

Evodia aliketi juu ya gunia la sukari. Kichwani alimwona mwanawe anarudi na boksi lake, anakaa barazani kando ya Seth, wanaume wawili wanatazama barabara. Kwa wiki kadhaa hakulala vizuri.

Lakini simu iliyofuata ilikuwa ya ajabu. Watu wa mji ule walikataa timu ife. Muuza samaki, kinyozi, mwenye duka la tambi na walimu wastaafu walikutana, kila mmoja akatoa alichoweza, wakaifanya timu iwe klabu ya mji. Wachezaji sasa wangelipwa kwa kucheza tu. Mechi ya kwanza ilichezwa katika ukumbi wa shule, watazamaji wakivua viatu mlangoni na kuketi sakafuni juu ya mito waliyotoka nayo majumbani.

Seth alisikiliza habari hiyo akamaliza kutafuna. "Sisi shirika letu lilipokufa," akasema, "majirani walikuja kuuliza kama mabati yanauzwa."

Klabu ikapanda. Mwaka wa kwanza walifungwa na kila aliyefika. Mwaka wa pili wakaanza kufunga, na baadaye ukumbi wa shule ukawa hautoshi. Ndahani akatuma kanda ya video, na Mama Shamimu akawasha deki yake dukani, wateja wakajazana.

"Huyo mwenye miguu ya korongo ni wetu!"

"Mama Ndahani, huyu ulimnywesha nini?"

"Mlenda," Evodia akajibu, wakacheka.

Kisha Ndahani akageuka na kuipa kamera mgongo. Juu ya namba palikuwa na herufi ambazo Evodia, pamoja na darasa lake la nne, aliweza kuzisoma: NDAHANI. Watoto wa Kijapani walikuwa wakipiga ngoma na kulitamka jina hilo kwa ndimi zao. Mzee aliyekufa bila kuvuka Morogoro! Evodia alilia mbele za watu bila kuficha. Akajisemea kwamba pengine kaburi lilikuwa linafagiwa kwa namna nyingine.

Hiyo ndiyo furaha aliyoipata. Haikukaa.

Klabu ilipoingia ligi kuu, Ndahani alipiga simu akaanza na habari za hali ya hewa. Evodia akajua.

"Sema, baba."

"Mama, ligi kuu inaruhusu wageni wachache tu. Kuna Mmarekani mrefu wanamtaka. Mimi nikiwa raia wa hapa, nafasi yangu ya mgeni anaipata yeye."

"Uwe raia wa huko. Na wa hapa?"

"Sheria za huko kwetu hazikubali uraia wa nchi mbili. Na wengi wakichukua uraia wa hapa huchukua na jina la hapa. Mwenyekiti wa klabu amenitafutia zuri."

"Jina unalo."

"Mama, ni la kwenye karatasi tu. Naomba baraka yako. Watu hawa wamenibeba."

"Na mimi sikukubeba?"

Mama Shamimu alijifanya anapanga sabuni.

"Ngoja nimwite mjomba wako," Evodia akasema. "Jina la ukoo halivuliwi kwa simu."

Kaka yake, Batholomeo, alikuja kutoka Kongwa, akala, akasikiliza. "Njia ipo," akasema. "Aje mwenyewe, asimame kaburini, alirudishe jina kwa aliyempa. Akikataliwa atajua, akikubaliwa atajua. Kuliacha njiani kama kandambili iliyokatika, hapana."

Evodia alikubali, akampa Ndahani ujumbe huo kwa simu. Alitaka aje, hata kama ni kuja kulivua jina. Kwa miezi alimsubiri, na kila jirani aliyemwuliza alimjibu kwamba anakuja baada ya mechi hizi.

Kilichokuja ni kanda nyingine. Mama Shamimu aliiweka kwenye deki, safari hii wateja wakiwa wachache. Ukumbi ulikuwa mkubwa kama wa Bunge, taa zinazunguka, Mmarekani mrefu yupo. Ndahani akakimbia, akageuka.

"Mbona wameandika jingine?" Shamimu, binti wa mwenye duka, akauliza.

Mama yake akamfinya.

Evodia aliomba picha isimamishwe. Chini ya kioo palikuwa na tarehe ya mechi. Ilikuwa kabla ya ile simu ya kuomba baraka. Mwanawe aliomba baraka akiwa ameshavaa jina lingine mgongoni.

Alikwenda nyumbani akamwambia Seth, naye Seth akasema, "Na yeye kapata mwekezaji," akageukia ukuta.

Mwaka huo mvua zilichelewa, na mke wa mtoto wa Batholomeo akajifungua mvulana. Ukoo ukakaa Kongwa. Walimwuliza Evodia kwanza, kwa kuwa jina lilikuwa kwake. Alimtazama yule mtoto mwekundu, aliyesinyaa na kupiga miayo. "Mpeni," akasema. Wanawake wakapiga vigelegele, wakamwekea mtoto mapajani, wakamwambia amsalimu baba yake. Alimsalimu. Sauti ilitoka kavu, lakini ilitoka.

Klabu ilichukua ubingwa msimu uliofuata. Simu ilikuja mchana, kelele zikimiminika kutoka upande wa pili.

"Mama, shikamoo! Tumekuwa mabingwa!"

"Marahaba. Hongera, mwanangu."

Katika maisha yake yote Ndahani hakuwahi kuitwa hivyo na mama yake.

"Mama, umeniitaje?"

"Nimekuita mwanangu. Wenye watoto huita hivyo. Umekula?"

"Mama, jina nilitaka..."

"Limeshapata mtu. Ana afya, ananyonya vizuri. Wewe umekula?"

Nyuma ya mwanawe mji mzima ulikuwa ukipiga ngoma na kuimba jina la mchezaji wao. Evodia alisikiliza kwa makini, kama alivyozoea kusikiliza kila kitu, lakini jina lenyewe hakuweza kulishika.