Mchezo wa Esnath Usio na Ushindi

Esnath alipewa dakika tano mbele ya majaji wa shindano la michezo ya kompyuta, walioshiba pilau. Mshindi angeondoka na kompyuta yake mwenyewe na nafasi ya kujifunza kutengeneza michezo. Aliitaka sana, maana mchezo wake aliutengenezea kwenye kompyuta ya stationari ya Nusrat, pale Iringa mjini alipokuwa akichapa kazi za watu, na mwisho wa mwezi huo duka lingefungwa kabisa.

Akawasha mchezo. Ukutani, kwenye mwanga wa projekta, ikatokea picha ya simu yenye ujumbe wa baba mdogo: "Mama anaumwa kidogo. Ukipata nafasi, njoo."

"Hapo mchezaji anachagua," akaeleza. "Aondoke sasa hivi, au amalize kazi kwanza."

Watu wakaguna. Nani asiyeijua simu ya namna hiyo? Kwetu msiba hautajwi kwenye simu, mtu anaambiwa mgonjwa amezidiwa, asije akaanguka njiani. Ni huruma, lakini huruma nyingine inaumiza jamani! Ujumbe huo Esnath aliupata kweli: baba mdogo Asukile alivyoogopa kumshtua, hata hilo la kuzidiwa hakulisema. Esnath akaamini ni kidogo kweli. Akabaki siku moja amalize kadi za michango ya harusi. Alipofika nyumbani Iyunga, Mbeya, turubai la msiba lilikuwa linashushwa, na wanawake walikuwa wanasugua masufuria.

Ndiyo mchezo wenyewe. Upande basi lipi, upite Mafinga mapema namna gani, unafika turubai likishushwa.

"Binti, umefanya kazi nzuri," alisema Mzee Iqbal, jaji mkuu, kwa upole. "Ila hakuna anayecheza ili ashindwe kila siku. Weka njia moja tu ya kuwahi mazishi, na zawadi ni yako. Hebu tueleze, akiwahi anaona nini?"

Swali jepesi kabisa. Nusrat, kule nyuma, alimfanyia ishara: sema chochote! Esnath akajaribu kumwona mama yake ndani ya jeneza. Alivalishwa gauni gani? Uso ulikuwaje? Hakuna aliyemsimulia, naye aliona aibu kuuliza.

"Sijui, baba," alisema. "Mimi sikumkuta."

Kompyuta akapewa kijana mwenye mchezo wa mbio za bodaboda. Esnath alipokwenda kuchomoa waya, ukutani mchezo ulikuwa umeanza upya wenyewe: Mama anaumwa kidogo.